Ukungu kati ya M86 na M87: nyota au kamera?

Bwiru_usiku
Wakuu, nina picha 60 za dakika 2 kila moja, lenzi ya mm 400, za Juni, nimelenga galaksi za kundinyota la Mashuke. Nikivuta sana ung'avu unatokea ukungu kati ya galaksi mbili kubwa, M86 na M87. Ni zile nyota zilizonyofolewa kwenye galaksi zao, au kamera inanidanganya? Picha za kusawazisha (za kurekebisha mwanga usio sawa wa lenzi na kamera) nilipiga jioni, lenzi nikiifunika kwa fulana nyeupe. Halafu programu ikiondoa mwanga wa anga, ukungu wote unatoweka.

Nyamagana7
Mkuu, fulana haitoshi kwa kazi hii. Piga hesabu: anga lisilo na taa lina magnitudo 22 (kipimo cha ung'avu, namba ikikua mwanga ni hafifu zaidi) kwa kila sekunde ya tao mraba, yaani kipande kidogo sana cha anga; mwanga unaoutafuta uko karibu 28. Tofauti ya 6 ni mara 250, yaani asilimia 0.4 ya anga. Usawazishaji ukikosea asilimia 1, kosa limeuzidi mwanga wenyewe zaidi ya mara 2, na Bwiru taa za mji zinazidisha. Sawazisha kwa anga lenyewe la usiku: lenga eneo jirani lenye nyota chache, piga picha nyingi, kila moja ukisogea nusu digrii, ziba nyota, kisha chukua thamani ya katikati ya kila pikseli.

Kutoweka ni kwa sababu programu hupima anga kwa viboksi. Kiboksi kikiwa kidogo kuliko ukungu, nao huhesabiwa anga na kufutwa. Ondoa mteremko mmoja ulionyooka tu.

Kisiwani
Na uuondoe picha kwa picha kabla ya kuziunganisha. Usiku wa giza ndio wa wavuvi wa dagaa pia. Taa zao ziko kaskazini, upande wa Mashuke, na mitumbwi haitulii. Katikati ya Juni M87 iko digrii 75 juu ya upeo kama saa 2 usiku. Acha kupiga picha saa 4 usiku.

Usiku wa pili zungusha kamera digrii 90. Ukungu ukizunguka nayo, ni lenzi. Ukibaki palepale angani, shuku vumbi la Njia Nyeupe, lipo upande huo: linganisha na ramani za mikroni 100 (mwanga wa infraredi, unaoonyesha vumbi) za setilaiti ya IRAS ya 1983.

Nyamagana7
Saa 2 za picha ni chache mno. Ramani ya 2005 ya darubini ya Burrell Schmidt, Arizona, ilionyesha vijito vyembamba vya nyota, pamoja na ganda pana la mwanga kuzunguka M86 na galaksi jirani yake M84. Unganisha pikseli 9 kwa 9 ziwe moja, uanze kutafuta ganda. Vijito ni hafifu zaidi.