Nimemlipa milioni 1.8, mpiga picha wa harusi ananijibu "hukuniambia kama una bibi"

Wakuu, salaam. Mods, nawaomba uzi huu msiupeleke kule kwenye jukwaa la mahusiano. Ndoa yangu haina shida yoyote. Shida ni hela yangu na picha zangu.

Nilioa Juni hapa Dar. Picha nimekabidhiwa juzi Jumamosi, wiki ya 11, na mtu aliahidi wiki tatu. Nimepewa albamu moja na flashi moja ya kompyuta. Tukakaa na mke wangu kwenye kochi, chai mezani, tukaanza kuzipitia. Zipo 1,126. Mwanzoni tulikuwa tunacheka, baadaye mke wangu akanyamaza, mimi nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu.

Ndafu ana picha 41. Mbuzi wa kuchomwa! Kapigwa akiingia, kapigwa akizungushwa, kapigwa majani mdomoni kwa karibu, kapigwa majani mdomoni kwa mbali. Pete juu ya maua, 38. Viatu vya bi harusi kwenye dirisha la saluni, 22, na ni vilevile viwili. Sasa bibi yangu mzaa baba, miaka 84, aliyepanda basi kutoka Machame na magoti yale aliyonayo, akashonewa kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo, ana picha mbili. Ya kwanza yuko nyuma ya MC, linaonekana sikio na kipande cha kilemba. Ya pili kainamia sahani.

Picha ya mimi, mke wangu na bibi, hakuna. Wazazi wangu na wakwe zangu wamesimama pamoja, hakuna. Nikajua labda kuna folda nyingine kaisahau, nikampigia. Jamaa ametulia kabisa, nyuma nasikia muziki, ananiambia: "Kaka, sasa mimi ningemjuaje? Hukuniambia kama una bibi."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Mimi nimeoa mara moja katika maisha yangu. Yeye kila Jumamosi yuko harusini. Kati yetu nani anatakiwa kujua kwamba kwenye harusi ya Mchaga kuna bibi? Fundi cherehani hakungoji umwambie una mikono miwili, anatoa futi anakupima. Huyu hakunipima popote.

Niwaeleze tulivyokubaliana. Aprili nilikwenda ofisini kwake Sinza na bestimeni wangu. Akatuwekea albamu kama sita mezani, kali kweli, sikatai. Maswali aliyotuuliza yalikuwa matatu: harusi lini, mnataka na video, advance mnatoa shilingi ngapi. Nilipoanza kumwelezea kanisa lilipo akanikata, "usijali kaka, naijua kazi yangu." Ukumbi akasema anaujua. Nikatoa milioni moja, iliyobaki nikamalizia wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tangu Aprili hadi Juni mawasiliano yetu ni mimi kutuma M-Pesa na yeye kurudisha kidole gumba.

Na kamati yangu nayo ina lake. Vinywaji tulivijadili vikao vitatu, watu wakatoleana maneno kuhusu kreti za bia. Picha zilichukua dakika tano, mweka hazina akasema "hilo limeshalipiwa, tuendelee."

Siku imefika. Saa 4 asubuhi saluni hayupo. Saa 5 na nusu anatokea kijana, hatumjui, na kamera moja na begi la mgongoni. Anasema bosi yuko Kibaha kwenye kazi nyingine, atatukuta kanisani. Kijana wa watu hana kosa, alikuwa mpole tu, lakini hakuwa anajua hata jina la bi harusi. Akaanza na viatu. Kumbe ndiyo maana vipo 22, ndicho kitu pekee mle ndani kisichohitaji kuulizwa jina.

Ibada saa 8. Bosi kweli akaja, amechelewa, akapanda moja kwa moja hadi karibu na madhabahu akipiga flashi. Mzee wa kanisa akamshika bega akamshusha. Usharika wetu flashi hairuhusiwi wakati wa viapo, na hata wangeruhusu, mtu wa picha anatakiwa kwenda kuonana na mchungaji kabla. Matokeo yake, wakati nakula kiapo mimi, mpiga picha yuko chini anabishana na mzee wa kanisa. Kiapo changu hakipo. Cha mke wangu kipo, kimepigwa kutoka nyuma ya nguzo.

Nje ya kanisa ndipo zinapotakiwa kupigwa picha za ukoo, kila mtu yupo na bado hajachoka. Harusi nyingine ilikuwa inasubiri kuingia, tukaambiwa dakika 15. Ukoo wa kwetu na wa kwao ni makundi zaidi ya kumi. Hakuna karatasi, hakuna wa kuita majina. Jamaa anapiga kelele "ndugu wa bwana harusi wote!" Wanakuja watu sitini, nusu yao majirani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini hatua kama ishirini kutoka pale, anasubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Halafu Coco. Hili ndilo linaloniuma na kunichekesha kwa pamoja. Alituahidi picha za jua likizama baharini. Wakuu, Coco Beach inatazama mashariki! Jua pale linachomoza baharini, jioni linazamia nyuma yako huko mjini. Mtu wa Dar, mpiga picha, anauza machweo ya baharini Oysterbay. Na Juni jua linazama saa 12 na robo hivi, si mwezi wa kuchezea. Tumetoka Kimara saa 10 na nusu, Jumamosi, foleni ya kutoka Ubungo hadi Mwenge na ule ujenzi wa mwendokasi mnaijua wenyewe. Tumekanyaga mchanga saa 12 kasoro dakika tano. Robo saa nzima ikaisha kwenye kubadilisha lenzi na kuwafukuza watoto wa mpira. Zilizopatikana, shela limewaka jeupe pe halina hata mkunjo, sura ya mke wangu nyeusi tii kama katolewa na mkaa. Mke wangu ana sura nzuri, jamani.

Tungebaki hukohuko kanisani chini ya mwarobaini tungepata picha nzuri zaidi, na ukumbini tusingeingia saa 2 na nusu wageni wanapiga miayo. Lakini hilo alitakiwa kunishauri yeye mwezi Aprili.

Ukumbini sote ni zambarau. Mpambaji kaweka taa za zambarau, DJ kaongeza za bluu, na jamaa hakuwahi kuongea na yeyote kati yao. Baba mkwe anaonekana kama amekosa hewa. Tulipofika kwenye keki ya wazazi, MC anatangaza, sisi tumeshika sahani tunaelekea meza kuu, nageuka kumtafuta mpiga picha, namwona kwa macho yangu yuko kona ya kule kwenye chakula, paja la kuku mkononi, kamera iko kwenye kiti cha pembeni. Simnyimi kula. Katoka Kibaha, ana njaa. Lakini ratiba ya MC aliipata? Aliiomba? MC na mpiga picha walikuwa ukumbi mmoja masaa matano mazima bila kujuana majina.

Msiniambie ndivyo walivyo wote. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameolewa Arusha mwezi jana. Mpiga picha wao aliwatumia maswali mwezi mzima kabla. Wazee ni akina nani na yupi hawezi kupanda ngazi. Ibada inaisha saa ngapi, baada yenu kuna harusi nyingine? Akauliza hadi kama kuna ndugu wasiosalimiana, asije akawapanga bega kwa bega! Akaomba mtu mmoja kila upande anayewajua ndugu kwa majina, huyo ndiye atakayeita. Makundi wakayapunguza yakabaki 12, dakika tatu tatu, wakaanza na wazee ili wakapumzike. Siku mbili kabla alikwenda ukumbini saa 1 usiku, akamwomba mpambaji awashe taa zote, akakubaliana naye jukwaa liwe na taa nyeupe wakati wa keki na zawadi, baada ya hapo waweke rangi wanavyotaka. Huyo kalipwa milioni moja na laki tano.

*

NYONGEZA: Nimesoma maoni yenu yote.

Mkuu unayesema "cha bei rahisi ni ghali", rudi usome kichwa cha uzi.

Wanaouliza mkataba: sina. Nina meseji za M-Pesa na risiti ya kuandikwa kwa mkono, "advance ya picha" basi. Haisemi picha ngapi, lini, wala kama ni yeye mwenyewe atakayekuja. Mwanasheria mmoja kanifuata inbox anasema Mahakama ya Mwanzo inawezekana, ila nitahangaika kuthibitisha tulikubaliana nini. Hapo nakiri, nililala.

Dada uliyeniambia orodha ya familia ni kazi ya maharusi, nakubali nusu. Majina ya ndugu zangu anayejua ni mimi. Lakini kwamba orodha inahitajika, hilo angeniambia yeye, na ingemchukua sekunde kumi. Nilikuwa na miezi miwili, ningemwandikia hadi majina ya mbuzi.

Picha mbichi, zote alizopiga kabla ya kuchuja, nimeziomba. Anasema kadi ilishafutwa, ilikuwa inahitajika Jumamosi iliyofuata. Kadi ya kamera, wakuu! Na amepata muda wa kurusha Instagram picha ya mke wangu akiwa saluni na kanga, rola kichwani, bila kumuuliza mtu. Hiyo ameishusha baada ya mke wangu kumpigia mwenyewe. Alichomwambia sikijui, simu ilikuwa ya dakika mbili na alifunga mlango.

Jina lake siliweki, msinisumbue inbox. Nilichokuja kuomba ni kingine. Bibi ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani. "Baba, picha yangu na kile kitenge imetoka?" Namwambia bado ziko studio zinasafishwa. Anasema siku hizi wanasafisha polepole kuliko zamani.

Sasa kwenye video, ambayo ilipigwa na mtu mwingine, kuna sehemu bibi ananyanyuka kwenye kiti, anamshika mke wangu mashavu yote mawili, anamwambia kitu kwa Kichaga anacheka. Ni kama sekunde nne, mimi naonekana bega tu, na kuna zambarau kidogo upande wa kulia. Kama humu kuna fundi anayeweza kutoa picha moja kwenye video hiyo ikakubali kuchapwa ukubwa wa fremu ya ukutani, aniambie bei. Naihitaji kabla ya Desemba, tunapanda Machame tarehe 20.