Norris na Piastri waliteleza mahali pamoja: mbona mmoja akashinda na mwingine akawa wa 9?

BahariMalindi
Asalaam aleikum. Nauliza kuhusu mbio za Formula 1 za Melbourne za Jumapili, Machi 16, zilizofungua msimu wa 2025. Mzunguko wa 44 mvua ilirudi, na McLaren zote mbili, ya Norris na ya Piastri, zikatoka njiani kona ya 12, moja nyuma ya nyingine. Norris akamaliza wa kwanza, sekunde 0.895 mbele ya Verstappen. Piastri akawa wa 9. Hapa Malindi kijiweni wameshakata shauri kuwa ni bahati tupu. Mimi bahati naikubali nusu tu.

Swali la pili: timu hujuaje kwamba sasa ni wakati wa kuvua tairi kavu (za lami kavu)? Verstappen alibaki nje mizunguko miwili zaidi na kwa muda huo ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikosea?

Fundi_wa_Shela
Waaleikum salaam. Tazama kona ya 12 iko wapi. Iko karibu na mwisho wa mzunguko, na njia ya kuingilia piti, wanakobadilishia tairi, haiko mbali nayo. Norris alipita kwenye kokoto, lakini gari halikusimama. Akarudi kwenye lami na kuingia piti mzunguko uleule, akavaa inta (tairi za mvua ya kiasi). Piastri naye alilinusuru gari kona ya 12, kisha likamponyoka kona iliyofuata, likajigeuza na kurudi kinyumenyume hadi kwenye nyasi.

Hapo ndipo nafasi yake ya kushinda ilipokwisha. Gari la Formula 1 husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, nguvu farasi karibu 1,000, na tairi kavu haina hata mfereji mmoja wa kushika nyasi zilizolowa. Ukikanyaga mafuta, gurudumu linajizungusha na kuchimba. Ukikanyaga polepole mno, injini inataka kuzima na klachi inaungua. Kilichomtoa ni gia ya nyuma, ambayo kanuni zinalazimisha kila gari liwe nayo. Madereva hawaipendi, maana haikuundwa kwa kazi nyingi, lakini siku ile ilimpatia pointi 2. Alipotoka alikuwa nyuma kabisa ya wenzake, akapanda hadi wa 9 kwa kumpita Hamilton mzunguko wa mwisho.

Jambo jingine watu hawalitaji: timu ina sehemu moja tu ya kubadilishia tairi. Hata kama Piastri asingejigeuza, angeingia piti nyuma ya Norris na kungoja foleni. Kwa hiyo aliye mbele alikuwa na faida kabla hata ya kuteleza, na huyo wa mbele alikuwa Norris kwa sababu alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia siku ya Jumamosi kwa tofauti ya sekunde 0.084. Sehemu hiyo mimi siiiti bahati.

Lamu_Road
Nijibu la tairi. Kavu (nyeupe, njano, nyekundu) ni kipara kitupu. Inta ina alama ya kijani na huondoa lita 30 hivi za maji kwa sekunde gari likiwa kilomita 300 kwa saa. Ya mvua kubwa, ya buluu, huondoa kama 85. Hiyo ya buluu ina kipenyo kikubwa zaidi, hivyo gari huinuka kidogo na sakafu yake haikimbilii kuelea juu ya maji.

Tairi kavu haishindwi kwa maji peke yake, inashindwa kwa baridi. Mpira wake unafanya kazi ukiwa moto sana. Mvua ikiipoza, mpira unakuwa mgumu, dereva anapunguza mwendo, na kwa kupunguza mwendo anaipoza zaidi. Ukiona dereva anapoteza sekunde 2 mzunguko huu, mzunguko ujao anaweza kupoteza 8. Mwendo wa lami kavu Albert Park (njia hiyo ya mbio ya Melbourne) siku ile ulikuwa dakika 1 na sekunde 22 hivi. Kwa makadirio, muda ukipanda kama asilimia 12, yaani kufikia 1:32, inta ndiyo ya kasi zaidi. Taabu ni kwamba hiyo namba unaiona ukiwa umeshachelewa. Kwa hiyo timu hutazama rada, na husikiliza sana dereva.

Zaidi ya hayo, Albert Park ni barabara za kawaida za bustani, zenye mistari ya rangi. Mwenye boda aliyewahi kufunga breki juu ya kivuko cha rangi masika yanapoanza anajua hiyo rangi inavyofanya.

Kona12
Kuhusu Verstappen nawapinga wengi mtandaoni. Mvua ilianza kushika sehemu ya mwisho ya mzunguko huku sehemu nyingine bado kavu. Ingekuwa manyunyu ya dakika tano, Norris angelazimika kuingia piti mara mbili, inta halafu kavu tena, na kila kuingia ni sekunde 20 hivi. Verstappen angeshinda kwa raha. Mvua haikukata, akaingia mzunguko wa 46 akatoka nyuma ya Norris. Lakini kabla ya mvua alikuwa wa 3, akamaliza wa 2. Kamari hiyo hata ikishindwa inalipa.

Ferrari ndio waliokosea. Waliwaacha Leclerc na Hamilton nje zaidi, Hamilton akaongoza kidogo, kisha Lawson na Bortoleto wakagonga na gari la usalama, linalowaongoza wote kwa mwendo wa pole, likatoka. Msafara ukakusanyika, na wenye inta walikuwa tayari wamepangana mbele. Wa 8 na wa 10, pointi 5 kwa magari mawili.

BahariMalindi
Shukran, sasa nimeelewa mpangilio. Na Hadjar, yule dereva mgeni, je? Yeye aligonga kabla mbio hazijaanza, kwenye mzunguko wa kupasha moto. Ni ugeni tu?

Fundi_wa_Shela
Ugeni upo, lakini mzunguko ule ni hatari kwa sababu zake. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo haulikandamizi gari chini, na tairi hazijapata moto. Halafu dereva analazimika kukanyaga mafuta ili azipashe. Ukizidisha kidogo kwenye kutoka kona, nyuma inakimbia. Ndiyo maana Sainz, ambaye si mgeni hata kidogo, aligonga akiwa nyuma ya gari la usalama, mwendo wa pole.

Ajali ya Hadjar ndiyo iliyochelewesha kuanza, na mbio zikapunguzwa kutoka mizunguko 58 hadi 57. Kwetu zilikuwa zianze saa moja asubuhi. Waliolala baada ya daku wakaamka saa moja na robo hawakukosa kitu.

Lamu_Road
Mgeni wa kutazama ni Antonelli: alianza wa 16, akamaliza wa 4. Wanaosema wa 5 wanasoma matokeo ya awali. Alipewa adhabu ya sekunde 5 kwa kutolewa piti vibaya, Mercedes wakaleta ushahidi mpya, ikafutwa. Albon ndiye wa 5.

Kona12
Msisahau pia Norris alimaliza sakafu ya gari ikiwa imeumizwa na kokoto. Kwenye kavu, Verstappen angempita. Kwenye maji, aliye nyuma anakula rasharasha na haoni pa kufungia breki, ndiyo maana ile chini ya sekunde moja ilibaki pale pale.