Ushauri: Prado 90 imelala nyuma na inagonga chini, nina milioni 2 ya kuinyanyua. Nianze na nini?

Daktari_Mifugo

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Prado ya 1998, toleo la Prado 90 (msimbo KZJ95), injini ya dizeli 1KZ-TE, milango mitano. Niliinunua mwaka juzi hapa Arusha. Kazi yangu ni afya ya mifugo, kwa hiyo wiki mbili kila mwezi niko njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero. Anayeijua njia hiyo anajua mawe yake, vumbi lake la majivu, na makorongo yanayobadilika sura kila mvua ikipita. Nyuma nabeba jokofu mbili za chanjo, betri ya pili, madumu manne ya maji na tairi mbili za akiba. Mzigo huo niliupima kwenye mizani ya mnadani: kilo 240, mimi simo.

Gari limelala. Kwenye makorongo bampa ya nyuma lazima ichimbe mchanga. Jumanne iliyopita springi ziligonga hadi mwisho, jokofu likaruka, chupa nne za chanjo ya homa ya mapafu zikapasuka. Maboma mawili yalikuwa yameshakusanya ng'ombe tangu alfajiri na ikabidi niwaambie wazee warudishe mifugo malishoni. Sitaki yanikute tena.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza anataka laki nne anifungie spesa (vipande vya kuinulia gari kwenye springi) za inchi tatu mbele na nyuma, naondoka nalo siku hiyo hiyo. Wa pili ana springi na shokapu za mtumba, seti nzima. Wa tatu amenipigia hesabu ya seti mpya kila kitu, inapita milioni tatu. Mimi nina milioni mbili, haziongezeki mpaka baada ya masika. Naombeni mawazo.

Springi_Ilala

Daktari, pole kwa chanjo.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi kamba. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, pima kila gurudumu kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Tuletee namba nane hizo.

Na inchi tatu mbele, kataa. Prado 90 mbele haina eksili nzima, kila gurudumu linajitegemea. Ukipandisha gari, shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) zinainama kutoka kwenye difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) kwenda chini. Mpaka sentimita tano hivi jointi zinavumilia. Ukizidi hapo zinafanya kazi kwenye pembe mbaya, mipira ya shafti inasuguana yenyewe kwa yenyewe mpaka inapasuka, vumbi lako la Ngare Sero linaingia kwenye grisi, na shafti imekwisha. Halafu mkono wa juu unaoshika gurudumu unafika mwisho wake, alaimenti (mpangilio wa magurudumu) inakataa kukaa.

Kijana_Longido

Mimi natofautiana kidogo. Toyota Hilux Surf yangu ya 185 ina spesa mbele mwaka wa pili huu, Longido hadi Kitumbeine kila wiki, sijavunja kitu. Mwenye pesa ndogo asitishwe. Ila zangu si za inchi tatu.

Daktari_Mifugo

Namba hizi, kwa sentimita. Tupu: mbele kushoto 49, mbele kulia 47.5, nyuma zote 48. Na mzigo: mbele hazikubadilika, nyuma kushoto 43, nyuma kulia 42.5.

Springi_Ilala

Hapo gari limeshasema lenyewe. Nyuma unapoteza sentimita tano na zaidi kwa kilo 240. Hizo springi ni laini mno kwa mzigo wako, na spesa haiikazi springi laini. Ukiweka spesa juu ya springi laini, gari tupu litasimama vizuri ukalifurahia pale gereji, halafu ukipakia jokofu zako litashuka sentimita tano zile zile.

Nyuma nunua springi MPYA, zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu. Wauzaji wazuri hawakuulizi inchi ngapi tu, wanakuuliza unabeba kilo ngapi kila siku. Waambie 240. Wasikupe za mzigo mkubwa kupita huo kwa kusema "hizi imara zaidi", maana siku gari likiwa tupu litakurusha kama mkokoteni na hata huo uzito hautazikandamiza sawasawa. Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog, wote wana springi za Prado 90 kwa madaraja ya uzito.

Mbele nakubaliana na Kijana kwa sharti. Spesa ya kukaa juu ya shokapu, kati yake na chesisi, yenye unene wa milimita 25, gurudumuni inakupa karibu sentimita tano, kwa sababu shokapu imeshikwa katikati ya mkono na si gurudumuni. Watu wengi hawajui hili. Fundi anayekuambia "inchi tatu", muulize ni unene wa spesa au ni kimo cha gari. Kama ni unene, mkimbie.

MamaSurf

Kaka Daktari, naomba hela ya kwanza kabisa iende kwenye boljointi za chini za mbele, vile viungo vya duara vinavyounganisha gurudumu na mkono wa chini.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Prado 90 na Surf 185 mbele ni ndugu. Boljointi ya chini kwenye gari hizi inaning'inia: uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake, hauikandamizi iingie. Ikilegea haipigi kelele nyingi, siku moja inachomoka tu. Yangu ilichomoka nikiwa natoka getini kwangu, mwendo wa mtu anayetembea. Gurudumu la kushoto likalala chini ya madigadi, shafti ikatoka, gari likakaa na chuma ardhini. Watoto walikuwa ndani. Nusu saa baadaye ningekuwa barabara kuu na mwendo wa 80. Na gereji niliyokuwa nimetoka wiki ile ilikuwa imeninyanyulia gari bila kuzigusa.

Nunua za asili za Toyota, zote mbili, na bolti zake nne nne mpya. Hapo usibane matumizi hata kidogo. Kuzikagua: piga jeki gurudumu liwe hewani, ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua taratibu huku mwenzako ameshika boljointi kwa vidole. Akisikia mchezo, gari lisitoke hapo.

Daktari_Mifugo

Dada MamaSurf, nimesoma nikasimama. Kesho asubuhi linapanda jeki. Mungu ashukuriwe kwa hao watoto.

Mzee_wa_Korogwe

Vijana mmesema vizuri. Naongeza ya nyuma ambayo hayajaguswa.

Kama gari lako lina ile valvu ya breki yenye kijiti kinachoshuka kutoka kwenye chesisi hadi kwenye eksili, iangalie. Kazi yake ni kupima gari limelala kiasi gani, ili breki za nyuma zipate nguvu kulingana na mzigo. Ukinyanyua gari bila kurekebisha kijiti, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, breki za nyuma zinakuwa dhaifu wakati umebeba. Kirekebishwe siku hiyo hiyo. Angalia pia mpira wa breki unaokwenda kwenye eksili: eksili ikining'inia kabisa, mpira usivutike.

Halafu ipo rodi ndefu inayokatisha kutoka chesisi kwenda eksili. Gari likipanda, rodi hiyo inasukuma eksili upande mmoja. Kwa sentimita tano ni kidogo tu, usinunulie spea ya kurekebisha. Hela hiyo weka kwenye mafuta.

Na bushi, zile raba za kwenye viungo vya mikono. Mwambie fundi bolti za bushi za mbele na nyuma azikaze mwisho mwisho GARI LIKIWA CHINI, limesimama kwa kimo chake kipya. Akizikaza likiwa hewani, raba inakaa imejikunja siku zote na miezi michache tu imechanika. Wengi hukaza hewani kwa sababu ni rahisi kufikia.

Jambo la mwisho, Daktari: springi hazitainua difu yako ya nyuma hata milimita moja. Eksili inakaa pale pale. Kinachoinua difu ni tairi. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 difu inapanda kama milimita 13, na spidi ya dashibodi inasoma 100 ukiwa unakwenda 103 hivi. Lakini usinunue leo, subiri za sasa ziishe.

Daktari_Mifugo

Shikamoo Mzee, asante sana. Swali moja: shokapu. Za mtumba zinafaa?

Springi_Ilala

Springi ya mtumba unaweza kuipima kwa macho na futi. Shokapu ya mtumba hujui mafuta yake yamebaki kiasi gani. Mbele, kama zako hazivuji na gari halidundi mara mbili tatu baada ya tuta, ziache. Nyuma lazima mpya, ndefu kidogo kulingana na springi. Ukiweka springi ndefu na shokapu fupi ya kiwandani, eksili ikishuka korongoni shokapu ndiyo inayobeba uzito wote wa eksili, inang'oka.

Daktari_Mifugo

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Boljointi ya kulia ilikuwa na mchezo. Fundi aliponinyanyulia tairi kwa mtaimbo niliiona kwa macho yangu ikipanda na kushuka kama milimita tatu. Zote mbili zimebadilishwa, za asili, na bolti mpya. Nyuma: springi mpya za mzigo wa kudumu na shokapu mpya zinazoendana nazo. Kijiti cha breki kimerekebishwa. Bushi mbili za mikono ya chini zilikuwa zimekatika, zimebadilishwa, na bolti zimekazwa gari likiwa chini, mimi nimesimama pale pale. Baada ya alaimenti zilibaki elfu hamsini. Mbele sijapandisha kabisa.

Vipimo vya nyuma: tupu 53, na mzigo 50.5 pande zote mbili. Nimeshakwenda Ngare Sero mara mbili. Bampa haijagusa. Jokofu nimelifunga kwa mikanda kwenye sakafu, chupa zote zilifika, na yale maboma mawili yamechanjwa.

Mbele kulia bado iko chini ya kushoto kwa sentimita moja na nusu. Springi_Ilala, nikipata hela baada ya masika, nibadilishe springi zote mbili za mbele au spesa ndogo ya upande wa dereva inatosha?

Springi_Ilala

Gari la usukani wa kulia na umri huo hulalia upande wa dereva, si ajabu. Usiweke spesa sasa. Subiri ubadilishe zote mbili kwa pamoja, halafu pima. Kama tofauti itabaki, ndipo uweke ya milimita 5 au 10 kulia peke yake.