HMS Petard na msafara wa KR 8 uliotoka Kilindini, 1944: naomba ufafanuzi

Kasa wa Lamu aliuliza:

Wakuu, salaam. Nafuatilia kisa cha Khedive Ismail, ile meli ya askari iliyotoka Mombasa Februari 1944 ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani kabla ya kufika Colombo. Kila ninaposoma nakutana na jina la manowari moja ya ulinzi, HMS Petard, na sifa ileile: ndiyo meli pekee iliyozamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani. Mambo matatu yananitatiza.

Kwanza, sifa hiyo ni ya kweli au imepambwa? Pili, ilikuwaje nyambizi iliyokwisha kuibuka juu, mbele ya manowari mbili zenye mizinga, isizame hadi itumike topido (bomu linalojisukuma lenyewe majini)? Tatu, na ndilo zito, mabomu ya kina, yale yanayopasukia chini ya maji, yalidondoshwa pale pale watu wetu walipokuwa wakielea. Njia nyingine haikuwepo?

Anayejua namna ya kutafuta jina la askari aliyekuwa humo naye asinyamaze.

---

Omo na Tezi alijibu:

Kasa, sifa ni ya kweli ukiisoma kama "ilishiriki kuzamisha zote tatu". Ukiisoma kama kazi ya meli moja, unawadhulumu wenzake.

Ya Kijerumani ni U-559, tarehe 30 Oktoba 1942, kaskazini ya delta ya Nile. Ndege ya doria aina ya Sunderland iliinasa kwa rada alfajiri, zikaja destroya (manowari nyepesi za kasi) Petard, Pakenham na Hero, pamoja na Dulverton na Hurworth ambazo ni ndogo zaidi, na ndege aina ya Wellesley ikasaidia. Ilifukuzwa kutwa nzima ikaibuka usiku, yapata saa 4:40. Ya Kiitalia ni Uarsciek, tarehe 15 Desemba 1942, kusini ya Malta. Hapo Petard ilikuwa na destroya ya Kigiriki, Vasilissa Olga. Nyambizi ililazimishwa kuibuka, Petard ikaigonga kwa omo, yaani mbele yake, mabaharia wakaingia ndani yake, ikafungwa kamba ivutwe, ikazama njiani. Ya Kijapani ni I-27, tarehe 12 Februari 1944, Petard pamoja na Paladin.

Jambo dogo kwa wapenda majina: Uarsciek ni Warsheikh kwa tahajia ya Kiitalia, ile bandari ya Banadir, pwani ya Somalia, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kabla Waitalia hawajaikodi. Nyambizi za kundi hilo zote zilipewa majina ya mahali pa Pembe ya Afrika.

Kwa maoni yangu, habari ya nyambizi tatu imefunika jambo kubwa kuliko zote tatu. U-559 ilipoibuka, Luteni Francis Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikijaa maji. Mhudumu wa duka la melini, Tommy Brown, kijana wa miaka 16, alisimama juu ya ngazi akipokea vitabu. Nyambizi ilizama ghafla ikawachukua Fasson na Grazier. Vitabu vile vilikuwa na msimbo wa ripoti fupi za hali ya hewa. Tangu 1 Februari 1942 nyambizi za Kijerumani za Atlantiki zilikuwa zikitumia Enigma, mashine ya kuficha ujumbe kwa msimbo, yenye magurudumu manne, na wavunja misimbo wa Uingereza waliokuwa Bletchley Park walikuwa gizani. Katika ripoti za hali ya hewa gurudumu la nne liliachwa mahali pasipobadili kitu, mashine ikafanya kazi kama ya magurudumu matatu, na mitambo iliyokuwepo Bletchley ingeweza kuifukuzia hiyo. Tarehe 13 Desemba 1942 wakaingia tena. Wengi husema Petard ilileta mashine yenyewe. Si kweli, ni vitabu vilivyofika.

Na kuna usiku wa kuamkia 4 Mei 1943 ambao hautajwi sana: Petard, Paladin na Nubian zilizamisha meli ya mizigo Campobasso na manowari ndogo Perseo, zote za Kiitalia, karibu na Kelibia, Tunisia.

---

Serahangi Mstaafu alijibu:

Nachukua swali la pili, kwa sababu jibu lake liko kwenye chuma.

Petard ni destroya ya kundi la P, iliyojengwa na Vickers-Armstrongs mjini Newcastle, ikashushwa majini Machi 1941 na kuanza kazi Juni 1942. Kundi hili lilipaswa kupata mizinga ya inchi 4.7. Kwa uhaba, na kwa hofu ya ndege, zilipewa mizinga ya zamani ya inchi 4, inayoweza kuinuka karibu wima kupiga juu. Kwa ndege ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini risasi ya inchi 4 ina kilo 14 hivi, wakati ya inchi 4.7 ina kilo 23 hivi.

Sasa tazama I-27. Ni nyambizi ya safari ndefu, zaidi ya tani 2,500 ikiwa juu ya maji, yenye maganda mawili. Ganda la nje ni jembamba, linafunika matangi. La ndani ndilo linalobeba shinikizo la maji, nalo ni nene na la mviringo. Risasi ya kulipuka inapasukia ganda la nje, inararua matangi na mnara, la ndani linabaki zima. Ile inayofika inakuta chuma kilichojikunja, inateleza na kuruka. Sehemu kubwa ya ganda hilo iko chini ya maji hata nyambizi ikiwa juu. Ndiyo maana mnara uliraruliwa na mzinga wa nyambizi ukanyamazishwa, ila yenyewe ikaendelea kuzunguka polepole.

Paladin ikaelekea kuigonga. Petard ikaashiria iache, na kugonga si jambo la bure: Petard yenyewe ilishaumiza omo yake kwa Uarsciek. Paladin ikageuza, lakini kwa kuchelewa, na pezi la nyambizi likauchana ubavu wake chini ya maji. Ikajaa maji, ikawa haina msaada tena katika pigano. Pezi la nyambizi kubwa ni bamba la chuma linalotokea pembeni, huwezi kuliona, na ubavu wa destroya ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Ukiikosa nyambizi kwa mita moja, pezi halikukosi wewe.

Ikabaki topido. Petard ilizirusha moja moja, sita zikakosa, ya saba ikaikata nyambizi vipande viwili. Watu hucheka wakisikia sita zimekosa. Topido ya destroya ilitengenezwa kwa ajili ya meli ndefu ambayo tumbo lake liko chini sana majini. Hapa shabaha imelala chini, inazunguka bila mwelekeo wa kukadiria, na kina cha topido kinapangwa kabla: ukiishusha mno inapita chini ya tumbo, ukiipandisha mno mawimbi yanaiyumbisha.

---

Kasa wa Lamu:

Mkuu Serahangi, ahsante, hapo nimeelewa. Lakini kabla ya kuibuka: kwa nini mabomu mengi vile? Sona, chombo cha kutafuta nyambizi kwa mwangwi wa sauti, hawakuwa nayo?

---

Serahangi Mstaafu:

Walikuwa nayo, wakiita Asdiki. Kasoro yake ni kwamba mwale wake unatazama mbele. Ukikaribia nyambizi iliyo chini, mita 200 za mwisho mwale unapita juu yake na unapoteza sauti. Kutoka hapo unakwenda kwa kukisia, na mabomu yako yanatoka tezini, nyuma kabisa.

Fanya hesabu. Bomu la kina la Mark VII ni pipa la kilo 190 hivi, baruti kilo 130 na zaidi. Linazama kama mita 3 kwa sekunde. Kufika kina cha mita 60 linahitaji sekunde 20. Nyambizi ikienda noti 4 tu (kama kilomita 7 kwa saa), ndani ya sekunde hizo imesogea mita 40. Na ili ganda lake lipasuke, bomu lilipuke ndani ya mita 6 au 7. Zaidi ya hapo linavunja taa na vali, linachosha watu, haliui nyambizi. Kwa hiyo hudondoshi bomu moja, unadondosha kundi lenye umbo la kuizingira, unageuza meli, unasubiri maji yatulie (povu la milipuko huziba Asdiki kwa dakika kadhaa), unatafuta tena.

Kifyatuzi nacho hakiendi kwa saa, kinaendeshwa na maji. Maji yanaingia kupitia tundu, shinikizo likifika linasukuma pini. Ukubwa wa tundu ndio unaopanga kina, na mwisho wake ulikuwa futi 500, yaani mita 152. U-559 ilipokwenda chini zaidi ya hapo, wanamaji wa Petard waliziba tundu kwa sabuni ili maji yaingie kwa shida na bomu lichelewe kupasuka. Kazi ya fundi wa kweli hiyo.

---

Omo na Tezi:

Nije kwenye swali la tatu, maana wengi hulikwepa.

KR ilikuwa alama ya misafara ya Kilindini kwenda Colombo. Huu wa nane ulikuwa na meli tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Walinzi siku ile walikuwa kruza (manowari kubwa kuliko destroya) ya zamani Hawkins, pamoja na Petard na Paladin. Destroya mbili kwa meli tano ni pazia lenye matundu, hasa dhidi ya nyambizi iliyotangulia kukaa njiani ikisubiri.

Saa 8:30 mchana, kusini-magharibi ya Maldivi, I-27 ya kamanda Fukumura ilirusha topido nne. Mbili zikaipata Khedive Ismail. Meli ya tani 7,513 ilizama kwa muda wa kama dakika tatu, na wengi walikuwa ndani. Waliokufa ni 1,297. Waliopona ni wanaume 208 na wanawake 6. Humo walikuwamo askari 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wakielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo) ambako Divisheni ya 11 ilikuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma.

I-27 ikajificha chini ya walionusurika. Paladin ikashusha mashua kuokoa, Petard chini ya kamanda Rupert Egan ikapita na mabomu. Mtu aliye majini hufa kwa mlipuko ulio mbali kuliko unaoweza kuua nyambizi, kwa sababu maji hayabanwi: mshindo unapita mwilini na kupasua palipo na hewa, mapafu na matumbo. Jaketi la kuokolea halizuii chochote.

Je, wangesubiri? Nyambizi ya aina ile ilikuwa na mirija sita ya topido na nafasi ya kubeba topido 17. Juu ya maji ilikwenda zaidi ya noti 23, kasi inayoshinda meli zote nne zilizobaki. Karibu na ikweta jua huzama mapema jioni na giza huja upesi. Iachwe hadi usiku, ingeibuka ikazifuata zile nne, nazo zimejaa askari. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo Egan. Mimi naiona ni sahihi, na naelewa pia kwa nini waliokuwa majini hawakuwahi kuisamehe. Baada ya kundi la tatu la mabomu nyambizi ikaibuka.

Lawama yangu naielekeza kwingine: kupakia watu wengi vile katika meli moja, kwa ulinzi wa destroya mbili, ilhali ilijulikana nyambizi zenye kituo Penang, Malaya, zinawinda katika bahari hii.

---

Mtunza Makabrasha alijibu:

Kuhusu majina. Anza na tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Usianze na jina. Weka tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, na kikosi, East African Artillery, halafu pitia orodha yote. Sababu ni kwamba karani aliandika alivyosikia: L na R hubadilishana, majina ya Kiislamu huandikwa kwa namna tatu, na askari wengi wameingizwa kwa jina moja tu. Namba ya jeshi ndiyo ya kuaminika. Ukiwa na kitambulisho au barua ya pensheni ya zamani, itafute humo.

Hawana makaburi. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu ya Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Nenda na namba ya ubao uliyoipata mtandaoni, vinginevyo utazunguka.

Kuhusu meli, ripoti za misafara ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa ADM 199. Omba kwa alama ya msafara, KR 8, na tarehe. Ukitafuta kwa jina la Petard peke yake utaletewa habari za Enigma tu.

---

Kasa wa Lamu:

Nimepata namba ya ubao. Shukrani wakuu. Swali dogo la mwisho: Petard iliishia wapi?

---

Serahangi Mstaafu:

Ilibadilishwa kuwa frigeti ya kuwinda nyambizi miaka ya 1950, ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu 1967 huko Bo'ness, Scotland. Paladin ilivutwa hadi Addu, kusini ya Maldivi, baada ya pigano, ikatengenezwa, ikarudi kazini.