Mjadala: Kijana wa laini NFL apewe misimu mingapi kabla ya kuambiwa ameshindwa?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kila msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ukifika wiki ya tano au ya sita, hakosekani kijana wa laini ya mashambulizi, wale wa mbele wanaozuia wapinzani, anayezomewa na mashabiki wake mwenyewe. Kachukuliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya, ana miaka 21 au 22, kwotabaki wake, mrusha pasi anayemkinga, kaangushwa mara tatu Jumapili, na Jumatatu watu wanataka auzwe.

Msimamo wangu nauweka wazi: apewe misimu mitatu kamili, acheze upande mmoja, afundishwe na kocha mmoja wa laini. Klabu ikishindwa kumpa hayo, isiseme kijana ndiye aliyeshindwa.

Anayetilia shaka atazame miguu ya mlinzi wa pembeni kushoto wa laini hiyo, aache kufuata mpira. Mpira ukitoka tu, anarudi nyuma kwa hatua fupi fupi, nyonga ziko chini, mikono inasubiri. Akiitoa mikono mapema, mpinzani anaipangua na kupita nje. Akiinama kumfuata, mpinzani anakata kwa ndani na kijana anabaki amekumbatia hewa. Akichelewa akamvuta jezi, bendera ya njano inarushwa na timu inarudishwa yadi 10. Yote hayo ni sekunde mbili au tatu, na anayemkabili huenda ana miaka minane kwenye ligi.

Sasa ajifunzie wapi? Timu nyingi za vyuo hucheza kwa kutawanya wachezaji na kutoa mpira haraka, kwa hiyo huko hakulazimika kumzuia mtu muda mrefu mara kwa mara. Akifika NFL, tangu makubaliano ya 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, mazoezi ya vifaa kamili wakati wa msimu ni 14 tu. Kanuni hiyo naiunga mkono, miili yao inaihitaji. Lakini kazi ya kusukumana huwezi kuijua bila kusukumana, kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo anayapata ndani ya mechi, mbele ya watu wote.

Mfano wangu ni Garett Bolles, mlinzi wa pembeni kushoto wa timu ya Denver. Alichukuliwa wa 20 kwenye drafti ya mwaka 2017, na misimu mitatu ya kwanza jina lake lilikuwa halitajwi bila makosa ya kushika wapinzani. Uwanja wa nyumbani ukamzomea. Mwaka 2019 akaja kocha Mike Munchak, ambaye mwenyewe alicheza laini hadi akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Mei 2020 klabu ikakataa kumwongezea mwaka wa tano wa mkataba. Msimu uliofuata, wa pili chini ya Munchak, Bolles akachaguliwa kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima, na kabla msimu haujaisha Denver ikampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 68. Mtu ni yule yule. Karibuni.

Shabiki wa Giants
Mkuu, mimi nimeumia na timu hii ya New York, nisikilize. Mwaka 2022 tulimchukua Evan Neal wa saba, kutoka Alabama. Mwili anao, nguvu anazo. Tukampa upande wa kulia, tukavumilia msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majeraha yalikuwepo, sikatai. Lakini mwaka 2025 klabu ilikataa mwaka wake wa tano na ikaanza kumjaribu ndani, pembeni kwa senta, yule wa katikati ya laini anayeanzisha mpira. Misimu mitatu hiyo hapo, na jibu halikubadilika. Uvumilivu wenu una gharama: kila mechi anayojifunza huyo, kuna mwenzake nyuma anayepigwa.

Dada wa Cincinnati
Naunga mkono hapo kwa Giants. Novemba 2020 tulimpoteza kwotabaki wetu Joe Burrow kwa goti, akiwa ndiyo kwanza msimu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaangushwa mara 51 kabla ya mechi za mtoano, kisha mara tisa katika mechi moja kule Tennessee. Tulishinda ile mechi na bado sikuweza kuifurahia, kila alipolala chini nilikuwa namtazama goti. Mtoto wa watu anavunjwa ili mwingine ajifunze kazi? Mleta mada, hilo hukuligusa kabisa.

Shabiki wa Philly
Wapendwa, mnabishana kana kwamba njia ni mbili tu, kumchezesha au kumfukuza. Jordan Mailata alitoka Australia, kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja. Eagles, timu yetu ya Philly, wakamchukua 2018 raundi ya saba, wa 233. Misimu miwili hakugusa mechi rasmi, mgongo nao ukamsumbua, muda wote huo yuko na kocha Jeff Stoutland anafundishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2019 klabu hiyo hiyo ikamchukua Andre Dillard raundi ya kwanza kwa ajili ya nafasi ile ile ya kushoto. Mwaka 2021 nafasi ikawa ya Mailata, na Februari 2025 alikuwa uwanjani tulipoifunga Kansas City 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Huyo hakujifunza kwa gharama ya goti la mtu.

Mleta mada
Dada, hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Kumvumilia kijana si kumwacha peke yake na mpinzani mkali kuliko wote kila mpira. Kocha anaweza kumweka mchezaji wa ziada pembeni yake, anaweza kuita pasi fupi, anaweza kumwamuru mkimbiaji amgonge mpinzani kwanza kabla ya kwenda zake. Timu inayomrusha mlinzi mchanga na kuita pasi ndefu mara 40, hiyo nailaumu timu.

Kaka wa Giants, nakukubalia kuhusu Neal. Misimu mitatu inatosha, nami sikusema minne. Ila klabu yako ina mfano mwingine ambao hukuutaja. Andrew Thomas, wa nne 2020. Msimu wake wa kwanza aliteseka, kifundo cha mguu kinauma, kocha wa laini akafukuzwa katikati ya msimu, na walikuwepo waliosema mmekosea kumchagua. Mwaka 2022 akawa kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi, na 2023 mkamlipa dola milioni 117.5 kwa miaka mitano. Mngemwacha 2021, mngekuwa mmemjengea nani?

Kibaya zaidi ni yale ya timu ya Raiders. Alex Leatherwood, wa 17 mwaka 2021. Chuoni alizoea kushoto, wakamweka pembeni kulia, baada ya mechi nne wakamhamishia ndani, na Agosti 2022 uongozi mpya ukamkata kabla msimu wa pili haujaanza. Hapo nani alipimwa?

Shabiki wa Giants
Thomas sawa, hilo umenishika. Lakini bado hujanijibu la kalenda. Uamuzi wa mwaka wa tano unafanywa Mei baada ya msimu wa tatu, na Bolles wako ndiye ushahidi: Denver walisubiri misimu mitatu, wakakata tamaa, akaiva wa nne, wakamlipa bei ya mchezaji aliyekwisha kuiva. Kwa hiyo aidha misimu mitatu haitoshi, au kipimo chako si misimu. Mimi naona kipimo kiwe mwisho wa msimu wa pili: je, makosa anayofanya sasa ni yale yale ya mwanzo? Kama miguu bado inachelewa mahali pale pale, mtafute mtu mwingine huku wa kwanza akiendelea kufundishwa benchi, kama Philly walivyofanya.

Mleta mada
Hilo la kuangalia kama makosa yanabadilika nalichukua lote, ni bora kuliko hesabu yangu ya misimu. Ila kwa sharti moja nisiloliachia: kocha wa laini awe yule yule misimu yote miwili. Akibadilishwa, hesabu ianze upya.