Tupeane uzoefu: kadi za kujaza pesa, zinapofaa na zinapogoma

Mwenyeji_Ntinda
Ndugu zangu, jambo hili linajirudia kwenye foleni za supamaketi hapa Kampala. Simu ya mteja inaonyesha kadi yake ina 180,000, bidhaa ni za 95,000, mashine ya kadi inakataa. Keshia anasema "haina pesa", mteja anaapa zimo. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kadi hizi za benki, unazozijaza pesa kwanza ndipo ulipe, sasa wanazo walimu, madereva, hata wanafunzi, lakini anayekukabidhi kadi anakuonyesha kuweka pesa tu, hakuonyeshi zinavyokwama. Mwenye kujua aseme.

Fundi_wa_Mashine
Kabla ya kugombana na keshia, omba karatasi. Muamala uliokataliwa nao una karatasi yake, na mashine nyingi huchapa tarakimu mbili za jibu. 51 ni salio halitoshi. 55 ni namba ya siri si sahihi. 75 ni kwamba umekosea mara nyingi mno, kadi imejifunga, na kwa benki nyingi mara tatu zinatosha. 54 ni muda wa kadi umekwisha. 57 kadi haijaruhusiwa malipo ya aina hiyo. Aghalabu ni manunuzi ya mtandaoni ambayo mwenye kadi hajayafungua. 91 ni benki iliyotoa kadi haipatikani, na hapo hata ukijaza milioni haisaidii: subiri au lipa kwa njia nyingine. 05 ni "hapana" isiyo na maelezo, ipigie benki. Keshia asiyefundishwa akiona muamala umekataliwa atakwambia "haina pesa" kwa namba zote hizo.

Lori_Malaba
Kweli tupu. Huku mpakani 91 tunaijua kama jina la jirani.

Mama_Duka_Arua
Na mtandao ukikatika katikati? Mteja amepata meseji kwamba amekatwa, mashine ya dukani inasema haikupita. Sukari apewe au asipewe?

Fundi_wa_Mashine
Mama, asipewe bado, na kadi isipitishwe mara ya pili papo hapo. Mashine iliyokosa jibu hutuma yenyewe ombi la kufuta muamala mtandao ukirudi. Ukipitisha tena unatengeneza makato mawili, na kudai moja kunachukua siku. Mteja alipe kwa njia nyingine, kisha aondoke na karatasi yenye namba ya kumbukumbu, ile ya tarakimu 12, na namba ya mashine yako. Akienda benki na meseji peke yake watamzungusha. Akienda na hiyo 12, wanaufungua muamala wenyewe moja kwa moja.

Kijana_Kikuubo
Lakini kadi ya nini hasa? Ukitoa pesa kwenye simu kuzipeleka kwenye kadi serikali inakata, ukifika dukani mwenye duka anakuongezea asilimia 3. Hapa Kikuubo wenye maduka wengi hawana hata mashine. Lipa kwa simu, yaishe.

Mhasibu_Jinja
Hapo unachanganya, bwana. Kodi ya asilimia 1 kwa kila muamala wa simu ilianza Julai 2018 na haikumaliza mwaka. Novemba 2018 ikashushwa kuwa asilimia 0.5 na ikabaki kwenye kutoa taslimu peke yake. Ukitoa 200,000 kwa wakala, 1,000 ni ya kodi, juu ya ada ya kampuni. Kuhamisha kutoka simu kwenda kadi si kutoa taslimu. Unachokatwa pale ni ada. Anayelipa kodi bure ni yule anayetoa noti kwa wakala kisha anapanga foleni benki kuzirudisha kwenye kadi.

Kijana_Kikuubo
Kodi au ada, zote zinatoka mfuko mmoja.

Mhasibu_Jinja
Mfuko mmoja, ila ada unaweza kuipunguza. Inakwenda kwa ngazi za kiasi, kwa hiyo kujaza 300,000 mara moja kwa kawaida ni nafuu kuliko 50,000 mara sita. Soma jedwali la ada kabla ya kuzoea kujaza kidogo kidogo.

Dada_wa_Gulu
Sikubaliani. Kadi ikiibwa na 300,000 ndani, ada uliyookoa itakufaa nini? Weka ya wiki tu, iliyobaki iache kwenye simu au benki.

Mhasibu_Jinja
Dada, ndiyo maana programu ya simu ina kitufe cha kusimamisha kadi. Isimamishe ukitoka dukani, ifungue ukifika kwa keshia.

Sasa turudi kwa Mwenyeji, maana mtego mkubwa hamjautaja: pesa zilizoshikiliwa. Chukueni mgeni anayefika hoteli ya Entebbe, usiku mbili kwa 250,000. Kadi ina 700,000. Mapokezi wanashikilia 500,000 za chumba na 100,000 za tahadhari, yaani dhamana. Hawajatoza chochote, wamefunga tu. Kadi nyingine zinaendelea kuonyesha 700,000, nyingine zinaonyesha 100,000, inategemea benki inakuonyesha salio lote au salio linalotumika. Asubuhi ya kuondoka zamu imebadilika. Keshia mpya hajui kuna kushikilia, anaanzisha mauzo mapya ya 500,000. Jibu: 51. Mgeni ana basi la kuwahi, anakopa, analipa taslimu, anaondoka. Hakuna aliyefuta kule kushikilia. 600,000 zinabaki zimefungwa, siku 7, pengine 30, kutegemea aina ya biashara na benki iliyotoa kadi. Mtu amelipa chumba kwa noti na karo ya mtoto imefungwa kwenye plastiki.

Lori_Malaba
Yaani hoteli imekula 600,000 mchana kweupe!

Mhasibu_Jinja
Haijala, haikupokea hata shilingi. Pesa ziko benki, mwenyewe ndiye hawezi kuzigusa.

Kijana_Kikuubo
Kwa mwenye njaa tofauti iko wapi?

Mhasibu_Jinja
Iko kwenye mlango wa kugonga. Ukiishtaki hoteli kwa wizi utapoteza wiki. Ukiwaomba wafute kushikilia kule, wakutumie uthibitisho wenye namba ya idhini, ile ya tarakimu 6, benki inaweza kuzifungua mapema. Na mapokezi kabla ya kulipa sema hivi: "Kamilisheni ile mliyoshikilia, msifanye mauzo mapya."

Dada_wa_Gulu
Afadhali kadi hii isitumike kabisa kwa tahadhari ya hoteli wala ya kukodi gari. Toa tahadhari ya noti, dai risiti.

Mwenyeji_Ntinda
Kwa hiyo wa supamaketi huenda alikuwa hotelini?

Fundi_wa_Mashine
Huenda. Au amejiandikisha huduma ya mtandaoni inayosubiri kukata. Au mashine ilikosa jibu duka la kwanza na ufutaji haujafika.

Mpaka_Busia
Wanaovuka kwenda Kenya: mashine ikiuliza ulipe kwa shilingi ya Uganda au ya Kenya, chagua ya Kenya. Ukichagua ya nyumbani, upande wa muuzaji ndio unapanga kiwango cha kubadilisha, na kina faida yao ndani. Keshia wengine wanabonyeza wenyewe. Geuza mashine uisome. Na kadi ya dola usinunulie mkate Kampala. Shilingi zako zinageuzwa dola wakati wa kujaza, zinarudi shilingi wakati wa kulipa, unaliwa mara mbili. Hiyo ni ya manunuzi ya nje.

Mama_Duka_Arua
Nikikosea namba wakati wa kujaza kwa simu?

Fundi_wa_Mashine
Inategemea umeandika namba gani. Zile 16 za kadi zina tarakimu ya mwisho ya ukaguzi. Ukikosea moja tu, mfumo unaoikagua unakataa. Ila benki nyingine zinataka namba ya akaunti ya kadi, na hiyo ikikosewa inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Jina likijitokeza, lisome lote ndipo uweke namba ya siri. Jina lisipojitokeza, tuma kidogo kwanza, uhakikishe imefika.

Lori_Malaba
Na vile vibaki vya 1,700? Kadi inakaribia kuisha muda.

Dada_wa_Gulu
Nunua sabuni.

Fundi_wa_Mashine
Mwambie keshia kabla hajagusa mashine: "Toza 1,700 kwenye kadi, iliyobaki taslimu." Kadi kwanza, noti baadaye. Akiandika bei yote itakataa, haitachukua kilichopo ikadai kingine. Iliyoandikwa 08/27 inafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya Agosti 2027, si tarehe 1. Na kadi usiikate vipande kama kuna bidhaa uliyorudisha: marejesho yanarudi kwenye kadi ileile, na mara nyingi yanachukua siku 5 hadi 10 za kazi.

Lori_Malaba
Asante mkubwa. Na aliyewahi kufungiwa pesa hotelini atuambie kama zilifunguka.