MREJESHO: Maoni ya njia ya baiskeli Nyakato

Wakuu, niliomba ushauri hapa: kamati yetu ilitakiwa kukusanya maoni ya njia ya baiskeli kutoka Nyakato kwenda mjini Mwanza, na wenye maduka walishagoma. Wengi mlisema tusitegemee mkutano wa mtaa peke yake.

Kweli kabisa. Mkutanoni waliongea wenye maduka na bodaboda. Watu wa baiskeli, wale wa mkaa, maziwa na dagaa wa soko la samaki la mwaloni Kirumba, saa hizo wako kazini. Tukawafuata alfajiri kwa mafundi baiskeli, maana pale lazima mtu asimame ajaze upepo. Hapo ndipo maneno yalipotoka! Rangi barabarani hawaitaki hata bure. Wanataka ukingo wa zege kuwatenga na magari, halafu upana. Mchoro ulikuwa na mita 1.5, gunia mbili za mkaa zikikaa ubavuni, anayetaka kukupita aende mtaroni? Tumependekeza mita 2.5.

Wenye maduka walilainika tulipokubaliana mizigo ishushwe kabla ya saa 2 asubuhi. Mmoja bado amenuna, ila huyo hununa hata mvua ikinyesha.

Aliyetukumbusha kwamba barabara kuu ni ya wakala wa TANROADS na za mitaa ni za wakala mwingine, TARURA, ubarikiwe. Tumeandika barua mbili, zimepitia kwa mtendaji wa kata.

Limebaki moja: nguzo za kuzuia bodaboda zisiingie. Tuziachanishe kiasi gani ili baiskeli yenye mzigo ipite?